Kilichomo Kabatini mwa Masjala

Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji yalipokuwa yanaukaribia mji wa Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha meli yao kubwa ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Mafundi hawakuizamisha hivihivi. Kwanza waliipaka mitambo yake grisi, wakaisiliba vizuri, ndipo wakaipeleka chini karibu na mlango wa mto Malagarasi. Mwaka 1924, baada ya vita kwisha na bendera kubadilika, Waingereza waliiibua na kukuta mitambo ingali inafaa. Mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hadithi hiyo karibu kila mtoto wa Kigoma ameisikia.

Kisa cha pili cha mwaka huohuo hakisimuliwi sana. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imehamishia shughuli zake Tabora, na mji huo nao ulipokaribia kutekwa mwezi Septemba, sehemu ya majalada yake ilifukiwa ardhini. Miaka michache baada ya vita majalada hayo yalifukuliwa. Leo nyaraka za enzi hiyo zimo katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Anayetaka kujua shule zilifunguliwa wapi, kodi ilidaiwaje au ardhi ilipimwa vipi kabla ya 1916, huanzia hapo.

Meli ilinusurika, na makaratasi yakanusurika, kwa sababu moja: kuna mtu aliyewaza kesho wakati leo inawaka moto. Swali linalowahusu watu wa mkoa wa Kigoma sasa ni kama makaratasi ya vyuo vyao vidogo yamepata mtu wa namna hiyo.

Kata ya Buzebazeba, ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ni mahali ambapo neno chuo bado lina uzito wake wote. Mtoto wa miaka saba anayetoka mchana na juzuu yake kwapani anakwenda chuoni. Dada yake aliyechaguliwa kusomea ualimu Kasulu naye yuko chuoni. Kwa Kiswahili cha zamani, cha washairi na masheikh wa pwani, chuo ni kitabu chenyewe, na ndiyo maana mtu aliyebobea katika vitabu huitwa mwanachuoni. Lugha iliona mapema jambo ambalo ofisi nyingi zimelisahau: mahali pa kusomea na kitu kilichoandikwa ni jina moja.

Mkoa wa Kigoma hauna uhaba wa vyuo vidogo. Kasulu kuna Chuo cha Ualimu Kasulu na kile cha Kabanga. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mojawapo ya vyuo 54 vya aina hiyo nchini, mpango ulioanza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden. Kuna chuo cha ufundi cha VETA, kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, vyuo vya afya, na madrasa zisizo na idadi kutoka Ujiji hadi Mwanga. Vingi havina mwandishi wa historia, havina makumbusho, na pengine havitapata. Vina masjala.

Masjala ya chuo kidogo ni chumba kimoja, mara nyingine nusu ya chumba. Kuna kabati la chuma la kijivu ambalo droo yake ya chini haifungi. Ndani yake kuna majalada ya rangi ya kahawia yaliyofungwa kwa uzi wa kijani, na juu ya kabati, kwa kuwa ndani pamejaa, kuna mafurushi: rejesta za wanafunzi zenye jalada gumu, mihtasari ya vikao, nakala za barua zilizopigwa taipureta kwa karatasi ya kaboni, daftari la stoo linaloonyesha magunia ya maharage yaliyopokelewa, kitabu cha wageni, na bahasha ya picha ambazo nyuma yake hapana jina. Chini ya yote, karibu na ukuta, kuna vumbi jekundu lililojenga kijia. Hao ni mchwa.

Anayefungua rejesta ya zamani huona kwanza mistari. Jina, jina la baba, kijiji alikotoka, dini, shule aliyosoma, tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kuondoka, na mwisho safu nyembamba ya maoni. Safu hiyo ndiyo yenye uhai: amehama, amefaulu, amerudi nyumbani kwa ugonjwa. Wino wa bluu umepauka kwenye kurasa za katikati, na pembeni, palipobanwa kwa pini, kutu imeacha duara la rangi ya chai lililotoboa kurasa tatu. Aliyeijaza hakudhani kwamba anaandika historia. Alikuwa anahesabu vitanda.

Hata vyuo vikubwa vilianza na karatasi za namna hiyo. Makerere ilifungua milango mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa kwanza walikuwa 13, wote wa sheria. Leo watu hawasemi walikuwa kama kumi na kitu. Wanasema 14 na wanasema 13, kwa sababu kuna mtu aliyeyaandika majina, na mwingine aliyelinda ukurasa.

Pwani hii ya ziwa ina ushahidi wake wa jinsi maandishi yanavyokufa na yanavyoponywa, na ushahidi huo umepitia Ujiji. Mwaka 1871 mmisionari David Livingstone alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, katika Kongo ya leo, akiwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, akipitisha mistari yake juu ya chapa, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mmea wa hukohuko. Ni juu ya karatasi hizo alipoandika alichokiona tarehe 15 Julai, wafanyabiashara wa watumwa walipowafyatulia risasi watu waliojaa sokoni. Oktoba alifika Ujiji akiwa hoi, na muda mfupi baadaye mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta, akamkuta hapo.

Watu wengi wanaoutembelea mnara wa Ujiji, wa kumbukumbu ya kukutana kwao, wanakumbuka salamu ya Stanley. Makaratasi hayatajwi sana, ingawa yana funzo kubwa kwa yeyote mwenye kabati. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kusafishwa sana. Ndani yake hubaki lignini, kitu kinachoushika mti usimame, ambacho kikipigwa na mwanga na hewa huigeuza karatasi kuwa ya njano, kisha ya kahawia, kisha ikavunjika kama ganda la karanga. Wino ule wa mmea nao ulififia. Baada ya zaidi ya miaka 100, kurasa zile zilizohifadhiwa Scotland zilikuwa hazisomeki kabisa sehemu kubwa. Kuanzia mwaka 2010 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha chini ya mwanga wa rangi mbalimbali, ukiwemo ule usioonekana kwa macho, kwa kuwa wino na chapa ya gazeti havinyonyi mwanga kwa namna moja. Kompyuta ikatenganisha maandishi na chapa. Ikaonekana kwamba alichokiandika Livingstone siku ileile hakikuwa sawa kila mahali na alichonakili baadaye kwa utulivu katika daftari lake kubwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtunza nyaraka asikubali kamwe kusikia kwamba nakala safi inatosha, ya zamani itupwe. Karatasi ya kwanza, chafu, yenye makosa na mistari iliyokatwa, inajua mambo ambayo nakala safi imeyasahau au imeyaficha.

Na mtu aliyeorodhesha mali ya Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, alikuwa zao la shule ndogo. Jacob Wainwright, kijana wa asili ya Kiyao aliyeokolewa utumwani, alisomeshwa Nasik nchini India, shule ya wamisionari iliyowapokea watoto wa Kiafrika waliokombolewa baharini. Wenzake walipojiandaa kuubeba mwili hadi pwani, yeye alikaa na karatasi akaandika kilichopo, na akaweka shajara ya safari. Alifariki Urambo, mkoani Tabora, mwaka 1892. Kujua kuandika orodha ni elimu kamili, na Wainwright aliipata darasani.

Kisa kinachokaribia zaidi mada hii, hata hivyo, kiko kusini kwenye ufuo huohuo wa ziwa, Karema. Mapadri wa Shirika la White Fathers walifika Ujiji Januari 1879, miezi michache baada ya wamisionari wa London Missionary Society waliotangulia Agosti 1878. Mwaka 1885 mapadri hao walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale Karema. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na mpango usio wa kawaida: vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani wasomeshwe utabibu katika chuo kidogo kisiwani Malta, kisha warudishwe Afrika kutibu na kufundisha dini. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1881. Hakikufikisha karne ya 20. Kilifungwa, majengo yakapata kazi nyingine, na wanafunzi wake wakatawanyika.

Mmoja wao aliitwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na mapadri wakamkomboa Algeria. Alisoma Malta hadi mwaka 1888, na mwaka uliofuata akafika Karema akiwa na mkoba wa daktari. Hakuondoka tena. Alitibu watu wa pale kwa miaka 67, akaoa hapo, mwanawe akawa padri, na alipofariki mwaka 1956 alikuwa mzee ambaye vizazi vitatu vya ufuo ule vilipita mikononi mwake.

Chuo chake kimekufa. Mbona basi kinajulikana? Sababu ni mbili, na zote zinaweza kuigwa na chuo chochote cha Kigoma bila fedha nyingi. Ya kwanza ni kanuni: Lavigerie aliagiza kila kituo cha misheni kiweke daftari la matukio ya kila siku. Nani kafika, nani kaugua, mvua imenyesha, mtumbwi umezama, mwanafunzi katoroka. Mistari miwili, mitatu, kila siku, hata siku ambayo hapakutokea kitu. Taarifa zilipelekwa makao makuu, na leo hifadhi yao iko Roma. Daftari la Karema likiliwa na mchwa, habari haifi, maana ilikwisha kusafiri.

Sababu ya pili ni kwamba Atiman aliombwa aseme mwenyewe. Mwaka 1946, akiwa mzee, maisha yake kama alivyoyaeleza yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Daftari la mapadri lilimtaja. Simulizi lake mwenyewe lilieleza. Kati ya vitu hivyo viwili kuna pengo kubwa, na kila chuo chenye rejesta tu kinalo pengo hilo.

Zanzibar walilijua mapema. Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, cha misheni ya UMCA, kilitokana na watoto watano tu waliokombolewa utumwani, ambao Sultani alimkabidhi Askofu Tozer mwaka 1864. Zaidi ya miaka 20 baadaye mwalimu wao Arthur Madan, ambaye Waswahili wanamkumbuka zaidi kwa kamusi, aliwataka wanafunzi waandike kwa mikono yao walikotoka, walivyotekwa na njia walizopitishwa. Masimulizi hayo yalichapishwa mwaka 1887 kwa tafsiri ya Kiingereza. Ni miongoni mwa maandishi machache sana ya karne ile ambamo waliouzwa wanazungumza wenyewe, na yalitoka katika zoezi la darasani. Miaka ya 1920 chuo kilihamia Minaki, karibu na Kisarawe. Nyaraka za misheni yenyewe ziligawanyika, nyingi ziko Oxford na nyingine Zanzibar. Mtafiti wa Kitanzania anayetaka kuisoma historia hiyo yote lazima apande ndege, na hilo linauma.

Kuhama, kugawanyika na kubadili mwenyewe huua kumbukumbu kuliko hata mchwa. Serikali ilipozichukua shule za mashirika kwa Sheria ya Elimu ya 1969, majengo, madawati na walimu viliandikwa kwenye orodha za makabidhiano. Makaratasi ya zamani yalikuwa ya nani? Mahali pengine yalikwenda na mapadri, pengine yalibaki darini, pengine yalifungiwa sukari na chumvi sokoni. Vivyo hivyo chuo kinapopandishwa hadhi, kinapobadilishwa jina au kinapopata jengo jipya: lori hubeba viti, na siku ya mwisho mtu hupewa kiberiti.

Halafu kuna misiba ya ghafla. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 20 Septemba 2020, moto uliteketeza jengo kuu la Makerere, lile lenye mnara mweupe lililojengwa mwaka 1941, ambamo zilikuwamo ofisi za utawala, za fedha na za kumbukumbu. Waliosoma pale walitazama kwenye simu zao paa likiporomoka. Ufuoni mwa Tanganyika adui ni maji. Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda, likaingia mialoni na nyumbani kwa watu kuanzia Kigoma hadi Bujumbura, Uvira na Kalemie. Na hata pasipo gharika, mvua za Kigoma zinazoanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei zinatosha. Bati moja lenye tundu juu ya kabati hufanya kazi yake kimyakimya kwa misimu mitatu kabla ya mtu kuhisi harufu.

Karatasi iliyoloa ina muda mfupi. Ukungu huanza kuota ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo mtu asisubiri Jumatatu. Kitabu kilicholoa chapachapa kisilazimishwe kufunguka, maana kurasa zitachanika. Kisimamishwe wima mahali penye upepo, kiwekewe karatasi kavu za kunyonya maji, zibadilishwe mara kwa mara. Kukianika juani kunavutia, na ni kosa: jua hukausha upande mmoja haraka, karatasi hujikunja na wino hukimbia.

Mambo mengine hayadai mfadhili. Kabati lisogezwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, mchwa wakipanda waonekane. Hakuna jalada linalokaa sakafuni. Pini na klipu za chuma zitolewe taratibu, kabla kutu haijazila kurasa. Seloteipu isitumike kabisa kuunga karatasi iliyochanika: gundi yake hugeuka njano, huingia ndani ya karatasi na haitoki. Laminesheni nayo, ambayo watu wengi huikimbilia kwa upendo wakitaka kulinda cheti cha mzazi, huiunguza karatasi kwa joto na kuifungia ndani ya plastiki moja kwa moja. Bahasha safi ya karatasi na sanduku lenye kifuniko ni kinga bora kuliko hiyo.

Kosa linalofanywa na watu wenye nia njema kabisa ni kupanga upya. Kijana wa kujitolea anapewa chumba, anafungua mafurushi yote, anatenganisha barua zote upande huu na mihtasari yote upande ule, anazipanga kwa miaka. Chumba kinapendeza. Lakini barua iliyokuwa imefungwa pamoja na muhtasari fulani ilikuwa imefungwa hapo kwa sababu: ndiyo iliyojadiliwa kikaoni siku ile. Uzi ukishafunguliwa, uhusiano huo hauandikwi popote. Mtunza nyaraka aliyesomea kazi huanza kwa kuandika furushi limekutwa wapi, lina nini, kwa mpangilio gani, na huuheshimu mpangilio huo hata kama haumpendezi.

Ujuzi huo haupo mbali. Tabora, safari ya treni moja kutoka Kigoma, kuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, ambayo wazee wanaijua kwa jina la Chuo cha Uhazili, na humo hufundishwa utunzaji wa kumbukumbu. Sheria nayo ipo. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 inazibana ofisi za umma zisiteketeze kumbukumbu kiholela, na inaweka kipindi cha miaka 30 ambacho baada yake nyaraka zilizohifadhiwa katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa hufunguliwa kwa watafiti. Chuo cha serikali kinachochoma rejesta ili kupata nafasi ya stoo kinachoma mali isiyo yake. Chuo binafsi na madrasa havina msimamizi wa namna hiyo, ndiyo maana vinahitaji huruma zaidi.

Madrasa inaweza kujifunza kutoka Lamu. Msikiti na chuo cha Riyadha, kilichoasisiwa na Habib Saleh mwishoni mwa karne ya 19, kina hazina ya maandiko ya mkono: fiqhi, sarufi, mashairi ya kumsifu Mtume, mengi yakiwa na majina ya walioyanakili na walioyaweka wakfu. Miaka ya 2010, kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, maandiko hayo yalipigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Vitabu vyenyewe havikuondoka Lamu. Ni picha zilizosafiri. Utaratibu huo unafaa kutajwa kwa sauti Ujiji, mji wa biashara na wa dini tangu karne ya 19, ambako ndani ya masanduku ya familia huenda kuna karatasi zinazoogopwa kuonyeshwa, mwenyewe akihofia kwamba zikitoka hazitarudi.

Simu ya mkononi inaweza kuianza kazi hiyo. Ukurasa ulazwe mezani karibu na dirisha, bila taa ya kamera, simu ishikwe juu yake sawasawa na si kwa mshazari. Jina la faili liandikwe mara moja, kwa mwaka, aina ya daftari na namba ya ukurasa, maana picha 400 zenye namba za kamera tu ni furushi jingine la kusahauliwa. Picha zisihifadhiwe kwa kutumiwa WhatsApp, kwa kuwa hupunguzwa ubora njiani na maandishi madogo hupotea. Ziwe na nakala tatu, mojawapo ikae nje ya chuo, na ikiwezekana nje ya mji. Lavigerie hakuwa na kompyuta, na alichofanya ni hicho hicho. Pia mtu akumbuke kwamba flashi hufa bila kuaga, na diski laini za miaka ya 1990 zilizomo kwenye droo za ofisi nyingi hazina tena mashine ya kuzisoma, ilhali rejesta ya karatasi iliyokaa jirani yake inafunguka kwa mkono.

Si kila kilichohifadhiwa kianikwe. Jalada la mwanafunzi lina ugonjwa wake, adhabu yake, barua ya baba yake akiomba asamehewe ada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai mambo hayo yashikwe kwa heshima, na utu ulidai hivyo kabla ya sheria. Fikiria wasichana walioondolewa shuleni kwa sababu ya ujauzito. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi. Mama wa watoto wawili anayetaka kuendelea alipoachia anahitaji rejesta ya shule yake iwepo, na anahitaji vilevile isipigwe picha na kurushwa mtandaoni. Kufungia si sawa na kuchoma. Na mkoa uliopokea wakimbizi miaka mingi, wenye kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, unajua vizuri maana ya mtu kubeba elimu kichwani bila karatasi ya kuithibitisha.

Yanabaki yale yasiyoandikwa popote. Walimu waliofunzwa haraka baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aingie darasa la kwanza, sasa ni wazee. Wanajua nyimbo za gwaride, jina la mpishi, mwembe uliokatwa kupisha bweni, mwaka ambao chakula kilikuwa mihogo na dagaa tangu Januari hadi Juni. Haya hayamo kwenye safu ya maoni. Kuyapata hakuhitaji mtafiti kutoka mbali. Mjukuu mwenye simu ya kurekodi anatosha, mradi aanze kwa kutaja tarehe, mahali na jina la anayeongea, amwombe ruhusa, kisha anyamaze.

Njia rahisi ya kumfungua mzee ni ile bahasha ya picha zisizo na majina. Picha huwekwa juu ya meza, katikati ya wazee wawili au watatu waliosoma mwaka mmoja, na vikombe vya chai vinasogezwa mbali. Huanza aliyesimama kushoto kabisa, safu ya nyuma. Kuna kubishana: huyu si yule wa Kibondo, yule alikuwa mrefu. Mmoja anaivuta picha karibu na macho, anagusa uso mmoja kwa kucha, anataja jina la mtu na jina la utani, na chumba kinacheka. Anayeandika hugeuza picha kifudifudi juu ya kitambaa safi na kutumia penseli laini bila kukandamiza, kwa sababu kalamu ya wino huchora mstari unaotokeza upande wa sura. Safu ya nyuma, kutoka kushoto, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne hakuna anayemkumbuka. Penseli inaacha nafasi ya kutosha jina moja, kisha inaendelea na wa tano.